Keja Haijajengwa na Picha Iko: Vile Renda Hufanywa Ikae Ukweli

Mwaka jana anti yangu wa Doha alinitumia picha kwa WhatsApp. Sebule imetulia, sofa nyeupe, dirisha kubwa, saa ya ukutani inasema saa saba mchana na jua limelala kwa sakafu hadi kwa zulia. Chini ameandika: "Wewe ndio unajua mambo ya kompyuta. Hii nyumba ni ya ukweli?" Nikaivuta karibu, nikaona hadi nyuzi za zulia. Nikamjibu, "Anti, hiyo ni noma, wahi kabla ziishe." Akatuma malipo ya kwanza, laki 4.

Mjengo ulipoisha ni mimi nilitumwa kuchukua funguo. Wasee! Ukiweka sofa ya watu watatu hapo sebuleni, mlango wa balkoni haufunguki vizuri. Na dirisha linaangaliana na ukuta wa ploti ya jirani, mita 2 hivi. Lile jua la kulala kwa zulia halijawahi fika huko.

Ile haikuwa picha ya kamera. Ilikuwa renda, yaani chumba kimechorwa kwa kompyuta, halafu programu ikapiga hesabu ya mwanga ikatoa picha. Na si matapeli pekee huitumia. IKEA, ile kampuni ya fanicha ya Sweden, iliweka kiti cha kompyuta kwa katalogi yake 2006, na miaka michache baadaye picha zake nyingi za bidhaa zilikuwa hazijawahi ona kamera.

Mimi niliacha koleji mwaka wa pili, kwa hivyo nilikuwa na lapi, muda na hasira. Nikaweka Blender, ni ya bure, nikaanza kutafuta nilichezwa aje.

Mambo yote huanza na mwanga. Mwanga haufiki kwa ukuta ukaishia hapo, unadunda. Ukigonga sofa nyekundu, unabeba wekundu kidogo na kuupaka ukutani. Wasee wa chuo kikuu cha Cornell huko Marekani walionyesha hii kitu 1984 na sanduku lenye kuta za rangi, na mwaka wa 1986 James Kajiya akaandika ile hesabu yenye programu nyingi za renda zinafuata hadi leo. Kwako wewe mwenye kuchora, maana yake ni rahisi: usijaze chumba na mataa ya uongo kila kona. Weka jua, weka anga nje ya dirisha, acha mwanga udunde wenyewe. Na ukuta mweupe usiufanye mweupe wa mwisho. Rangi nyeupe ya ukweli hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga. Ukiweka 100, chumba kinakaa ndani ya friji.

Sasa hapa ndio ningemshika yule msee wa picha ya anti. Nairobi iko kama digrii 1 tu kusini ya ikweta. Mchana jua liko karibu juu ya kichwa, mwaka mzima. Saa saba, dirisha lenye limefika mita 2 kutoka sakafuni haliwezi ingiza jua zaidi ya mita 1 hivi. Ile miale mirefu ya kulala kwa zulia ni ya saa mbili asubuhi kwa dirisha la mashariki, ama jioni kwa dirisha la magharibi. Yeye alichukua jua la Ulaya akalibandika kwa keja ya Nairobi, na saa ya ukutani ikamchoma. Mimi nikiwa hapo nasifu zulia.

Usiku nao angalia balbu. Za manjano ni kama Kelvini 2700 hadi 3000, zile nyeupe za wengi wetu hufika 6500. Ukitaka chumba kionekane kinaishi mtu, changanya: taa ya manjano ndani, anga ya bluu ya saa moja jioni nje.

Baada ya mwanga ni uchafu. Siongei utani. Kompyuta huchora meza yenye kingo kali kuliko wembe, na hakuna kitu kama hiyo duniani. Hata meza ya fundi bora ina kingo zimelainika kidogo. Zungushia milimita 2 na utaona ukingo unashika mwanga, ghafla meza ina uzito. Halafu cheki taili za kwenu jikoni. Ukiwa umesimama juu yake hazing'ai sana. Inama, uziangalie kwa mbali karibu na sakafu, utaona zimekuwa kama kioo. Kila kitu hufanya hivyo, hata mbao. Ongeza alama za vidole karibu na swichi, mto wenye mtu ameukalia, pazia lenye halijanyooka.

Na tafadhali, soketi! Vijana wanadaunlodi chumba cha watu wa Ulaya na soketi zake za matundu mawili ya duara. Mkenya atajua kuna kitu haiko sawa hata kama hawezi sema ni nini. Zetu ni za pini tatu za mraba. Weka grili kwa dirisha, waya wa Wi-Fi ukipita kwa kona, kitambaa cha kushona mgongoni mwa sofa kama mwenye nyumba ni mathe. Hiyo ndiyo hufanya mtu aseme, "Ah, hapa napajua."

Ya mwisho ni lenzi, na hapa ndio laki 4 zilienda. Programu inakuruhusu kutumia lenzi pana ya milimita 14, bedsita ikakaa ukumbi wa harusi. Kaa kati ya 24 na 35. Kamera iweke mita 1.2 hadi 1.5 kutoka chini, na kuta zisimame wima. Vitanda, viti na milango ziwe na saizi za ukweli, kwa sababu macho hupimia chumba hapo.

Mwezi uliopita nilipata kazi yangu ya kwanza ya maana, flati za msee fulani. Nikaenda saiti na futi yangu, nikapima, nikachora, na nje ya dirisha la sebule nikaweka kile kiko huko: ukuta wa jirani, na mwanga wa kijivu unaodunda kutoka kwake. Kusema ukweli ilitoka fiti, ungedhani nimesimama hapo na simu. Buda akaangalia, akaniambia, "Toa huo ukuta, weka miti."

Nilimwambia miti haiko. Wiki mbili sasa, na balansi yangu bado iko kwake.