Intaneti ya Mtaa Yataka Amana Kwanza
Katika nyumba nyingi za Majengo, Dodoma, kila mzazi hununua bando lake. Linapokwisha, somo la mtoto hukatika. Majirani wanaweza kuungana. Kondoa, mkoani humuhumu, upo mtandao wa kijamii uliosaidiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, unaotumia masafa ya televisheni yaliyo wazi.

Kwa mtaa mmoja, Wi-Fi yatosha. Kaya tano zaweza kuchangia huduma moja, ruta moja, na antena za juu ya paa zinazotazamana bila kizuizi, kwa kuwa kuta na mabati hudhoofisha mawimbi.

Lakini kabla ya kununua kifaa, someni mkataba wa kampuni: je, unaruhusu kugawana? Kuuza huduma hiyo huhitaji leseni ya TCRA. Kisha andikeni nani atatunza fedha, nani atashika neno la siri, na asiye na uwezo mwezi huu atasaidiwaje. Al-Baqara, aya ya 282, imetuagiza kuandikiana madeni. Nasi tusione haya kuandikiana na jirani. Ruta ikiharibika hununuliwa nyingine. Uaminifu hauuzwi dukani.