Je, Wajua? Simba Aliyeishi Chelsea

Mwaka 1969 vijana wawili kutoka Australia waliingia Harrods, duka la kifahari jijini London, wakanunua mtoto wa simba. Walimwita Christian. Hakuna sheria iliyowataka wachukue kibali maalumu.

Christian alilala chini ya duka la samani katika barabara ya King's Road, mtaa wa Chelsea, na kunyoosha viungo kwenye uwanja wa makaburi wa kanisa la Moravian. Alipozidi kukua, mwaka 1970, alisafirishwa hadi Kora, Kenya, ambako mhifadhi wa wanyamapori George Adamson alimfundisha maisha ya porini.

Leo mambo ni tofauti nchini Uingereza. Sheria ya Wanyamapori Hatari ya mwaka 1976 inamtaka anayefuga mnyama hatari apate leseni ya halmashauri ya eneo lake kwanza. Daktari wa mifugo hukagua banda, na gharama ni za mwombaji. Lazima pia awe na bima, endapo mnyama atamjeruhi jirani au kuharibu mali yake. Hata akitimiza yote hayo, halmashauri yaweza kumkatalia kwa maslahi ya umma.

Orodha ya wanyama wanaohitaji leseni ina simba, mamba, sokwe na swila. Chatu, ajabu, hayumo! Bustani za wanyama na maduka ya wanyama havihitaji leseni hiyo, maana vina sheria zake.

Harrods nayo? Ilifunga idara yake ya wanyama mwaka 2014.