Huduma Namba na Haki ya Faragha
Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilianza kuandikisha wakazi katika mfumo wa Huduma Namba, yaani nambari moja ya kuunganisha kumbukumbu za mtu, zikiwemo alama za vidole na picha ya uso, ambazo huitwa data za kibayometriki. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa vinasaba, yaani taarifa za urithi zilizomo mwilini, na uamuzi huo ulistahili kabisa, kwa kuwa neno la siri likiibwa hubadilishwa, ilhali mwili haubadilishwi. Oktoba 2021 mahakama hiyo ilibatilisha utoaji wa kadi za mfumo huo, kwa sababu serikali haikutathmini kwanza athari zake kwa faragha, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.