PUNDA ASIFE, NA MZIGO UFIKE
Magonjwa ya kawaida ya punda na jinsi ya kuyatibu



Punda wa mama mmoja jirani yetu alikanyaga msumari akivuta mkokoteni wa maji. Ulikuwa msumari mdogo tu. Kijana wa mkokoteni akaung'oa, akamwagia maji kidogo, kazi ikaendelea. Punda alichechemea siku mbili, kisha tukadhani amepona. Baada ya kama siku kumi akaanza kutembea kama mnyama wa mbao. Miguu haikunjiki, masikio yamesimama wima, mkia umeinuka, mdomo haufunguki. Mlango ukigongwa anashtuka na kutetemeka mwili mzima. Wengine wakasema amerogwa. Siku ya nne akafa.

Kumbe haukuwa uchawi. Ulikuwa ugonjwa wa pepopunda, uleule ambao kina mama wajawazito hudungwa sindano kliniki ili watoto wachanga wasiupate. Sindano ya kuuzuia kwa punda iko. Yule mama hakuijua, na sisi majirani zake pia hatukuijua. Sasa anabeba mtungi mgongoni kama zamani, na biashara ya maji iliyokuwa ikilipa karo imesimama.

Tunasema, "Punda afe, mzigo ufike." Hebu tujiulize: punda akifa leo, mzigo wa kesho utafikishwa na nani? Na kumpata mwingine si rahisi siku hizi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 hapa Kenya. Ile ya 2019 ilipata karibu milioni 1.2 tu. Katikati ya sensa hizo, kuanzia 2016, vichinjio vya punda vilifunguliwa kwa sababu ya ngozi inayotakiwa China, na wizi wa punda ukazidi. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Lakini punda waliokwisha kwenda hawarudi. Tuwatunze tulio nao.

1. MJUE PUNDA ALIYE MZIMA

Katika Biblia, punda aliyepewa kusema ni yule wa Balaamu, na hata yeye alipigwa mara tatu kwanza. Wa kwetu hawasemi. Zaidi ya hayo, punda huficha maumivu kuliko ng'ombe au farasi. Farasi akiumwa na tumbo hujibwaga na kugaagaa. Punda husimama tu kimya, ameinamisha kichwa. Mwenyewe anasema, "Ni uvivu," na kuchukua fimbo. Kwa hiyo ni lazima umjue punda wako akiwa mzima, ili utambue siku amebadilika.

Punda mzima husimama na uzito kwenye miguu yote, masikio yanacheza, macho ni maangavu, ufizi ni wa rangi ya waridi. Anakula kwa hamu na kinyesi chake ni madonge yaliyoshikana. Akiwa amepumzika, hupumua mara 12 hadi 28 kwa dakika. Tazama ubavu ukipanda na kushuka, uhesabu. Joto lake, likipimwa kwa njia ya haja kubwa, ni nyuzi 36.5 hadi 37.8.

Jambo moja ulishike sana: punda anayekataa chakula ni mgonjwa sana. Akikaa bila kula, mafuta ya mwili wake huyeyuka na kujaa kwenye damu, na hayo yanaweza kumwua, hasa aliye mnene au mwenye mimba. Usingoje siku tatu uone kama atapata nafuu. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

2. VIDONDA VYA MIKANDA NA TANDIKO

Hivi ndivyo tunavyoviona kila siku barabarani: kidonda mgongoni, kifuani, chini ya mkia. Havitokani na bahati mbaya. Vinatokana na kamba ya nailoni, waya, mpira wa tairi usio na kitambaa, au mkokoteni usio na usawa unaomkandamiza punda.

Matibabu ni haya:
- Kwanza ondoa kilicholeta kidonda. Ukipaka dawa huku kamba ileile inaendelea kusugua, unatupa pesa.
- Mpumzishe punda mpaka kidonda kifunge. Najua ni vigumu. Lakini wiki mbili za kupumzika ni afadhali kuliko miezi mitatu ya kidonda kilichooza.
- Chemsha maji, yapoe, utie chumvi: kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji. Osha kidonda asubuhi na jioni kwa kitambaa safi.
- Paka mafuta ya kujipaka kwenye ngozi iliyo chini ya kidonda, usaha usiichome. Zuia nzi.

Usitie mafuta machafu ya gari, maji ya betri, jivu, wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivi huchoma nyama au kuingiza wadudu wa magonjwa. Kidonda kikiwa kirefu, kikinuka, au kikitoa usaha mwingi, hicho ni cha daktari.

Kinga yake ni rahisi. Shona mto wa kitambaa cha pamba au blanketi kuukuu, uweke chini ya kila mkanda na tandiko. Ufue kila wiki, maana jasho likikauka huwa kama msasa. Tena angalia uzito. Punda wa kilo 150 asibebeshwe zaidi ya kama kilo 50 mgongoni. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20. Basi mitungi miwili inatosha, mmoja kila upande. Minne ni kilo 80, na hiyo ni kumvunja mgongo.

3. KWATO NA MISUMARI

Kila jioni inua miguu yote minne, utoe mawe na matope kwa chuma butu kilichopindwa ncha. Anza kisiginoni ukielekea mbele, ili usimchome. Ukiona weusi unaonuka vibaya chini ya kwato, ni kuoza kunakoletwa na kusimama kwenye matope na mkojo. Safisha vizuri, mhamishe mahali pakavu. Kwato zikirefuka hadi kupinda kama kiatu cha zamani, zinaharibu viungo vya mguu. Zinafaa kukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 10 na mtu aliyefundishwa. Si kazi ya panga.

Punda akichechemea ghafla na kwato ina joto, huenda kuna usaha ndani au amechomwa na kitu. Ukikuta msumari, angalia vizuri umeingia wapi na kwa kina gani kabla ya kuung'oa, ili umweleze daktari. Ukiung'oa, loweka kwato katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ufunge kwa kitambaa safi na mfuko imara juu yake. Halafu siku hiyohiyo utafute sindano ya pepopunda. Hapo ndipo jirani yetu alipokosea.

4. PEPOPUNDA

Mbegu za ugonjwa huu hukaa kwenye udongo na kinyesi. Huingia kwa kidonda kirefu chenye mdomo mdogo, kama cha msumari, au kwa kidonda cha kuhasi. Ndani humo hakuna hewa, na wadudu hawa hupenda mahali pasipo hewa. Dalili huonekana baada ya wiki moja hadi tatu, wakati mwenyewe ameshasahau msumari. Mwili unakakamaa, taya zinafunga, ngozi nyeupe ya pembeni hufunika sehemu ya jicho, na kelele kidogo inamshtua. Akifika hapo, wengi hawaponi. Mweke mahali penye giza na kimya huku ukimwita daktari.

Chanjo yake hutolewa mara mbili, zikiachana wiki nne hadi sita, kisha ya kukumbusha baada ya mwaka mmoja. Baada ya hapo daktari atakuambia ratiba. Na wewe mwenyewe unayechomwa na msumari huohuo barabarani, nenda kliniki.

5. TUMBO

Mara nyingi utaona punda hataki kula, analala na kuamka, anageuka kutazama ubavu wake, au hajatoa kinyesi tangu jana. Visababishi ni vingi: kukosa maji ya kutosha, kubadilishiwa chakula ghafla, kula mahindi mengi, minyoo, meno mabovu, au kula takataka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, lakini vipande vya kamba na nailoni bado vimejaa kwenye majaa tunakowaachia punda wetu. Vikiingia tumboni hujiviringisha na kuziba njia.

Ufanye nini? Ondoa chakula, mwachie maji safi. Akijibwaga kwa nguvu, mtembeze polepole kwa muda mfupi, si kumkimbiza. Mwite daktari mara moja. Usimnyweshe kwa nguvu soda, mafuta ya kupikia wala dawa ya chupa. Punda hawezi kutapika, na kinywaji cha kulazimishwa huingia mapafuni kikamwua haraka kuliko tumbo lenyewe.

Kuzuia ni maji. Mpe maji safi angalau mara tatu kwa siku. Ni aibu punda anayetuletea maji kushinda na kiu.

6. KUKONDA: MINYOO, MENO, MBUNG'O

Punda akikonda, manyoya yakawa makavu na tumbo likaning'inia, fikiria minyoo. Dawa hutolewa kulingana na uzito wake, kwa ushauri wa daktari. Usichukue sindano ya ng'ombe ukamdunga punda. Dawa nyingine ambazo ng'ombe hustahimili ni hatari kwa punda. Vilevile usimpe chakula cha kuku au cha ng'ombe cha dukani. Baadhi huchanganywa dawa iitwayo monensini, ambayo kidogo tu huharibu moyo wa punda au farasi. Zoa kinyesi zizini kila siku, ukipeleke kwenye shimo la mbolea. Shamba litapata, na minyoo itapungua.

Akiwa anatafuna kisha anaangusha vibonge vya nyasi, ni meno. Daktari anaweza kuyasawazisha. Na sehemu zenye mbung'o, kama vile Lamu ya bara na Shimba Hills, punda anayekula vizuri lakini anakonda, ana homa ya kuja na kwenda, ufizi umepauka na tumbo limevimba kwa chini, huenda ana nagana. Apimwe damu.

7. KICHAA CHA MBWA

Punda naye hupata kichaa akiumwa na mbwa mgonjwa. Hubadilika tabia, hujiuma, hutoa mate, hushindwa kumeza, miguu ya nyuma hulegea. Usitie mkono mdomoni ukidhani amekwama mfupa. Mtenge, umjulishe afisa wa mifugo. Mtu aliyeumwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

8. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Daktari akija kwa punda mmoja, gharama ya safari yote ni yako. Akija kwa punda ishirini siku moja, mnagawana. Basi:
- Andikeni orodha ya punda wote wa wanakikundi, na tarehe za chanjo na dawa ya minyoo.
- Kila mwenye punda aweke kiasi kidogo kila wiki kwenye mfuko wa punda, tofauti na ule wa kuzungusha.
- Chagueni siku mbili kwa mwaka za chanjo, minyoo, meno na kwato. Huduma za mifugo ziko chini ya serikali ya kaunti, kwa hiyo anzeni kwa ofisi ya mifugo iliyo karibu.
- Muwe na kisanduku kimoja: chumvi, sabuni, vitambaa safi, kipima-joto, chuma cha kwato, na namba ya simu ya daktari imebandikwa kwenye kifuniko.
- Waiteni vijana wa mikokoteni kwenye mkutano. Wao ndio wanaokaa na punda mchana kutwa. Waambieni pia kwamba kumtesa mnyama ni kosa la jinai, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.

Jirani yetu anaweka akiba ya kununua punda mwingine, na kikundi kimeahidi kumsaidia kulipia chanjo ya kwanza kabla punda huyo hajafungwa mkokoteni.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI
1. Ni punda wangapi wamekufa kijijini kwetu mwaka huu? Tunajua kila mmoja alikufa kwa nini?
2. Tazameni mikanda ya punda mliyokuja nao leo. Ni mingapi iliyo na kitambaa chini yake?
3. Ni nani kati yetu atapeleka ombi kwenye ofisi ya mifugo, na lini?