Créteil, Jukwaa la Waongozaji Wanawake

Jackie Buet na Elisabeth Tréhard walipoanzisha tamasha la filamu za wanawake mjini Sceaux, Ufaransa, mwaka 1979, haja ilikuwa kubwa. Kule kwenye tamasha la filamu la Cannes, tuzo kuu ya Palme d'Or ilitolewa kwa mara ya kwanza 1955, lakini hakuna mwongozaji mwanamke aliyekuwa ameigusa. Ilibidi kungoja hadi 1993, Jane Campion wa New Zealand alipoipata kwa filamu ya The Piano, tena kwa kugawana na Chen Kaige wa China.



Mwaka 1985 tamasha la Buet na Tréhard lilihamia Créteil, nje kidogo ya Paris. Katika ukumbi wa Maison des Arts, watazamaji wa kawaida nao hupiga kura kuchagua filamu ya kutuzwa, heshima kubwa kwa mwongozaji chipukizi.