Pande Mbili za Shingo Zisipolingana

Majeruhi wa ajali ya bodaboda jijini Arusha anapolalamikia maumivu ya shingo, moja ya picha za eksirei anazoweza kupigwa huchukuliwa akiwa amepanua kinywa. Mkao huo huliondoa taya njiani ili pingili mbili za juu zionekane. Ya kwanza ni pete inayobeba fuvu. Ya pili ina mhimili mfupi, mithili ya jino, unaosimama ndani ya pete hiyo. Kichwa kikigeuka, pete huuzunguka mhimili, na takribani nusu ya uwezo wote wa shingo kugeuka hutoka hapo.

Katika picha hiyo, kila upande wa mhimili huonekana nafasi nyembamba. Nafasi ya kulia ikiwa pana kuliko ya kushoto, ni rahisi kuhitimisha kwamba pingili imeteguka. Hitimisho hilo lina gharama: wiki kadhaa ndani ya kola ngumu, nauli ya kwenda KCMC Moshi, kazi za shamba kusimama, na hofu isiyomtoka mgonjwa hata baada ya kuambiwa kuwa ni mzima. Ilhali tofauti hiyo huonekana pia kwa watu wasio na jeraha lolote. Kichwa kikigeuka kidogo tu wakati wa kupiga picha, nafasi hubadilika. Na wapo ambao mifupa yao imekua hivyo.

Kinachostahili kutazamwa kwanza ni kingo za nje. Kwa mtu mzima, kingo za pete hulingana na kingo za pingili iliyo chini yake. Zikitokeza nje pande zote mbili, huenda pete imepasuka, aina ya mvunjiko iliyoelezwa na daktari wa upasuaji Mwingereza Geoffrey Jefferson mwaka 1920. Jumla ya kutokeza huko ikifika milimita 7 au zaidi, hushukiwa kuwa kano inayoushikilia mhimili nayo imekatika. Hapo kipimo cha CT hakina mjadala.

Pingili nyingine nazo hazina ulinganifu kamili. Kuanzia ya sita kwenda juu, kila moja ina tundu kulia na kushoto, ambamo hupita ateri ipelekayo damu nyuma ya ubongo. Kwa takribani nusu ya watu, ateri ya kushoto ndiyo nene zaidi, hivyo matundu kutofautiana si ugonjwa. Watu wachache, wasiofikia mmoja katika mia, huzaliwa na ubavu wa ziada shingoni, pengine upande mmoja tu. Wengi wao hawajui kamwe. Wengine hufa ganzi vidole au mkono huwa baridi, hasa wakiuinua.

Kuzunguka Mlima Meru kuna jambo la kuongeza. Vyanzo vingi vya maji vya Arumeru vina floridi inayozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na ndiyo sababu Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa. Meno ya kahawia huonekana mapema, lakini mifupa hudhurika polepole: huwa myeupe zaidi kwenye picha, na kano hugeuka mfupa hata shingo ikakakamaa. Madhara hayo kwa kawaida huenea pande zote. Mfupa ulioliwa upande mmoja pekee usisingiziwe maji. Kifua kikuu na saratani vitafutwe.

Dalili za mgonjwa huamua zaidi kuliko picha. Udhaifu wa mikono au miguu, ganzi, kushindwa kuzuia mkojo, au kutoweza kugeuza shingo nyuzi 45 kila upande baada ya ajali, ni mambo ya kuchunguzwa siku hiyohiyo. Mtoto naye anaweza kuugua koo, kisha kichwa kikalala upande na kisirudi. Hali hiyo, inayobeba jina la Mfaransa Grisel aliyeiandika mwaka 1930, hutokana na kano kulegea kwa uvimbe wa maambukizi, na pete ikateleza. Shingo ya mtoto huyo haikandwi wala hainyooshwi kwa nguvu, nyumbani au kwa mganga wa viungo; hupelekwa hospitali kichwa kikiwa kimeachwa kama kilivyo.