Kruzi Ni Tamu, Lakini Cheki Wenye Wanaiendesha

Wasee wengi mtaani hudhani kruzi ni ya wazungu wazee wenye washaretire. Zii. Ndani ya meli ya Icon of the Seas, yenye hung'oa nanga Miami, nilipata mayut kibao, masufferer wamesave mwaka mzima, mashosho wanacheza domino, watoi wakikimbia kila kona. Hio chombo ni noma, buda. Ina mita karibu 365 kwa urefu na floo 20, ilijengwa Turku huko Finland, ikaanza kubeba watu Januari 2024. Swimming pool ziko saba. Ukisimama chini pale bandarini ukicheki juu, shingo inachoka, ni ka mtu ameng'oa estate mzima na kuifloatisha.

Kabla sherehe ianze kuna drili ya usalama, na hakuna kuhepa. Unacheki video kwa fon, halafu unaland kwa kituo yako, mse wa meli anakuonyesha venye jaketi ya kuokolea huvaliwa. Honi fupi saba na moja ndefu: hapo unatoka mbio. Niliona wengine wakiboeka, na hio iliniuma, juu nilikuwa najua story ya meli ya Costa Concordia. Iligonga mwamba kando ya kisiwa ya Giglio, Italia, Januari 2012, watu 32 wakadedi. Mamia ya wasee walikuwa wamepanda jioni hio hio, na drili yao ilikuwa bado. Baada ya hapo sheria ikakazwa: drili ifanywe kabla meli itoke ama mara tu inapotoka.

Ndani ya meli doo huioni. Unapewa kadi, hio hio inafungua keja, hio hio inalipa. Dishi ya bufe iko ndani ya tiketi, unamanga hadi useme basi, lakini soda, pombe na waifai ni za kulipia kando. Cheki hesabu yako kila jioni. Na ka tumbo yako haipendi mawimbi, chukua keja ya floo za chini, katikati ya meli, hapo huyumba kidogo.

Sasa kenye kilinibamba zaidi. Mangware, kabla bufe ifunguliwe, nilipata chali mmoja akipanguza meza za nje, moja baada ya nyingine, kitambaa imekunjwa mara nne, akimaliza upande moja anageuza. Kwa kifua ana beji: jina, na chini yake, Kenya. Nikamwambia, "Niaje, mkuu!" Akaacha kitambaa.

"Ah, ndugu yangu! Watoka wapi?"

"Kayole."

"Mimi Likoni, bwana. Leo nimesikia nyumbani."

Hio story haikuwa refu juu wera ilikuwa inangoja. Akanishow kontrakti yake ni ya miezi kadhaa bila kurudi home, na kila mwisho wa mwezi doo inaenda kwa mathe na karo ya madogo. Meli kubwa ka hio hubeba wafanyikazi zaidi ya 2,000, wengi Wafilipino na Wahindi, na siku hizi Wakenya wako ndani. Sheria ya kimataifa ya kazi za baharini, ya 2006, inasema wapate angalau masaa 10 ya kupumzika kila masaa 24, na hizo masaa zinaweza katwa mara mbili. Yaani huyo chali anaweza kudoz mara moja usiku na mara ingine mchana, halafu bado anakusmailia ukiitisha chai.

Tangu hapo shuka yenye imekunjwa fiti na sahani yenye imetoweka nilianza kuziona tofauti. Kuna mtu nyuma ya kila moja.

So ukipata nafasi, enda, raha iko. Ka unatoka Kenya na meli inaanzia Marekani, hakikisha visa yako ni ya kuingia mara nyingi, juu ukishuka visiwani umeshatoka Marekani, na lazima urudi. Ukiwa ndani, soma beji za wasee, waite kwa majina. Tipsi huongezwa kwa bili yako kila siku, usiende kuitoa. Na wakikutumia fomu ya maoni mwisho wa safari, andika jina ya mwenye alikuserve poa, juu mabosi wao husoma hizo majina.